N, HO, OO au G: skeli ipi kwa anayekusanya vichwa vya treni ili avipige picha

Ukiuliza uanze na skeli gani ya treni za modeli, yaani zilizopunguzwa mara ngapi kutoka treni ya kweli (N, HO, OO na G ni majina ya skeli hizo), utarudishiwa swali: chumba chako kina ukubwa gani? Kwa mtu anayetaka kutandika reli, kujenga stesheni na kuzungusha treni mezani, hilo ni swali la msingi. Lakini wapo wakusanyaji wa aina nyingine, na mimi ni mmoja wao. Vichwa vya treni vinakaa kabatini. Kinatolewa kimoja, kinasimamishwa juu ya kipande cha reli chenye urefu wa mkono, kinapigwa picha, kinarudi kwenye boksi lake. Mtu wa namna hii hana shida ya chumba. Rafu moja inamtosha kwa miaka. Kinachomwamulia ni kamera, na kamera ina masharti ambayo wauzaji wa modeli hawayataji.

Upendeleo wangu nautaja mapema ili usome ukiujua: kwa wengi wetu HO au OO ndiyo ya kununua. G inatoa picha nzuri kwa urahisi kuliko zote, ila inakausha mfuko. N ni ya mtu mwenye subira nyingi na kamera inayoweza kusogea karibu sana.

Ukubwa, na jicho la mtu aliyesimama kando ya reli

Tuchukue kichwa kimoja kinachojulikana huku kwetu kiwe kipimo. Class 59 ya East African Railways, zile Garratt (vichwa vya mvuke vyenye injini mbili na boila katikati) za rangi ya damu ya mzee, ziliundwa na Beyer Peacock wa Manchester mwaka 1955 na 1956. Zilikuwa 34, zikapewa majina ya milima ya Afrika Mashariki. Kila moja ilikuwa na urefu wa karibu mita 31.7 na uzito wa tani 252, na reli ya mita, yenye upana wa mita moja, haijapata kuona kichwa cha mvuke kikubwa kuzizidi. Namba 5918, Mount Gelai, bado iko kwenye makumbusho ya reli Nairobi. Ukiipunguza ikae mezani, inakuwa hivi:

| Skeli | Uwiano | Upana wa reli ya modeli | Urefu wa Class 59 | Jicho la mtu (mita 1.6) |
|---|---|---|---|---|
| Z | 1:220 | mm 6.5 | sm 14 | mm 7 |
| N | 1:160 | mm 9 | sm 20 | mm 10 |
| HO | 1:87 | mm 16.5 | sm 36 | mm 18 |
| OO | 1:76 | mm 16.5 | sm 42 | mm 21 |
| O (Uingereza) | 1:43.5 | mm 32 | sm 73 | mm 37 |
| G | 1:22.5 | mm 45 | sm 141 | mm 71 |

Wengi wataitazama safu ya urefu. Mpiga picha aitazame ya mwisho. Picha ya modeli hujulikana papo hapo kuwa ni ya modeli kwa sababu imepigwa kutoka juu, na treni ya kweli tumezoea kuitazama tukiwa chini, tumesimama kwenye kokoto, bafa, vile visahani vya chuma vya mbele vya kupokea msukumo, zikiwa usawa wa kifua. Ili picha ya HO idanganye macho, katikati ya lenzi panatakiwa pawe milimita 18 tu juu ya ardhi ya modeli. Kamera yenye lenzi nene haifiki hapo ikiwa imewekwa juu ya meza ileile. Lenzi yenyewe ina nusu kipenyo cha sentimita tatu au nne. Dawa yake ni kuinua reli: iweke juu ya ubao ulio kwenye ukingo wa meza, kamera ikae chini ya ukingo huo kwenye stendi. Mwenye simu ana kazi nyepesi zaidi. Anaigeuza kichwa chini, lenzi zinakuwa upande wa meza, na simu inasimama kwa makali yake kama mtu aliyelala kifudifudi anachungulia. Kwa N, yenye milimita 10, hata simu iliyogeuzwa inahangaika. Kwa G unapiga magoti uani, basi.

Umbali: hapa ndipo N inapoanza kudai

Kwenye treni ya kweli, mpiga picha anayetaka kichwa kizima kutoka pembeni mbele husimama kama mita 10. Umbali huo nao unapungua kwa skeli: G ni sentimita 44, OO sentimita 13, HO sentimita 11 na nusu, N sentimita 6 na kidogo. Ukipiga kutoka mbali zaidi na kukuza, picha inatoka bapa, kama iliyopigwa kwa lenzi ndefu kutoka ng'ambo ya bonde. Si vibaya mara mojamoja. Ila ule uzito wa chuma kinachokuja usoni mwako unapotea.

Sasa fikiria simu ya kawaida. Kwa sentimita 44 inalenga bila kuulizwa. Kwa sentimita 11 nyingi bado zinalenga, baadhi kwa kusitasita. Kwa sentimita 6 lenzi kuu za simu nyingi zinakataa kabisa, na unabaki na ile lenzi pana yenye hali ya makro (ya kupiga vitu vya karibu sana), kama simu yako inayo. Lenzi hiyo pana ina tabia ya kukuza kilicho mbele. Bafa inakuwa kubwa, kabini inakimbilia nyuma. Kwenye HO mimi naipenda tabia hiyo, inaipa modeli kifua. Kwenye N inazidi kipimo.

Ukali wa picha kutoka bafa hadi kabini

Tatizo la pili limefungamana na hilo. Kadiri unavyosogea karibu na kitu kidogo, ndivyo sehemu inayotoka kali inavyokuwa nyembamba. Chukua kamera yenye sensa kamili ya milimita 36, tundu la lenzi likiwa f/16, yaani limefungwa sana, kichwa kikijaza upana wa picha. Kichwa cha HO chenye sentimita 25 kinakupa ukali wa kama sentimita 5 na nusu, mbele na nyuma kwa pamoja. Cha N chenye sentimita 14 kinakupa sentimita 2 hivi. Cha G chenye mita moja kinakupa sentimita 75 na zaidi. Ukipiga ubavu mtupu, HO inaingia yote bila taabu kwa kuwa unene wake ni sentimita tatu na ushee tu. Ukigeuza upate pembe ya mbele, ile inayopendwa na kila mtu, kichwa hicho kinataka ukali wa karibu sentimita 20, nawe unazo tano.

Kuna njia mbili za kutoka. Ya kwanza ni kupiga picha kadhaa mfululizo kutoka sehemu ileile, kila moja ikilenga mbele kidogo kuliko iliyotangulia, kisha kuziunganisha kwa programu kama Helicon Focus au Zerene Stacker. Kamera nyingi za siku hizi husogeza ulengaji zenyewe. Kichwa cha HO kwa pembe kinataka picha kumi au zaidi, cha N maradufu, na katika muda huo hakuna kinachoruhusiwa kutikisika: si meza, si feni ya juu, si paka. Njia ya pili ni simu. Sensa yake ndogo huleta ukali mrefu bila hila yoyote, na lenzi pana ya simu huleta ukali unaokaribia ule wa kamera kubwa iliyofungwa f/13. Angalizo: simu ghali za sasa zina sensa kubwa kwenye lenzi kuu, na ukali wake umekuwa mfupi kuliko wa simu za zamani. Simu yako ya miaka sita iliyopita, ile uliyompa mdogo wako, huenda ikaishinda mpya kwa kazi hii.

Ukiniuliza mimi, kamera kwenye stendi ndiyo ya picha ya kuchapisha na kutundika ukutani. Kwa picha za kuonyesha wenzako kwenye skrini, simu inatosha HO, OO na G. Kwa N simu ni kujipa moyo.

HO na OO: reli moja, vichwa viwili tofauti

Hapa ndipo wengi wetu watachagulia, na ndipo tofauti ya kweli inapojificha. Zote mbili zinatembea kwenye reli ya milimita 16.5. HO, ya 1:87, imetawala Ulaya bara na Marekani: Märklin, Roco, Piko, Athearn, Bachmann. OO, ya 1:76, ni ya Uingereza, na jina lake kubwa ni Hornby. Reli ya kweli ya upana wa kawaida, kama SGR ya Kenya na ya Tanzania, ina milimita 1,435. Zidisha 16.5 kwa 87, unapata 1,435 na ushee. Hesabu imekaa. Zidisha kwa 76.2, uwiano kamili wa OO, unapata 1,257. Maana yake kichwa cha OO kimesimama juu ya reli iliyobanwa kwa kama sentimita 18 za dunia ya kweli.

Ubavuni hakuna atakayegundua. Mbele inaonekana: boila pana, bafa pana, halafu magurudumu yamekaribiana kama mtu mnene aliyebana miguu. Kwa hiyo kama picha unazozipenda ni zile za uso kwa uso, kichwa kikikujia katikati ya reli, HO ina haki. Kama unapenda ubavu, mitaimbo ya magurudumu na maandishi ya pembeni, OO haikupunguzii kitu na inakuongezea ukubwa wa asilimia kama 14, ambao kamera inaushukuru. Waingereza wenyewe wanalijua tatizo hili. Wapo wanaobadilisha magurudumu yaende kwenye reli ya milimita 18.2 au 18.83. Kazi hiyo ni ya fundi, na kichwa kilichobadilishwa hakirudi tena kuwa cha boksi.

Kinachobaki ni kile unachotaka kukusanya. Anayetaka vichwa vya mvuke vya Uingereza kama Flying Scotsman ya mwaka 1923, au Mallard, ile iliyokimbia maili 126 kwa saa tarehe 3 Julai 1938 na sasa iko makumbusho ya York, aende OO moja kwa moja; humo ndimo kuna chaguo kubwa zaidi, mpya na mitumba. Anayetaka Big Boy, lile jitu la mvuke la Union Pacific ya Marekani, aende HO, na apime rafu kwanza, maana ni sentimita 46 hivi pamoja na tenda yake, lile behewa la makaa na maji. Anayetaka Krokodil ya Uswisi, vile vichwa vya umeme vyenye pua ndefu mbele na nyuma vilivyoanza kuundwa mwaka 1919, naye ni HO. Märklin imekuwa ikiitengeneza HO yake tangu mwaka 1947.

Kuhusu Märklin kuna jambo la kujua kabla ya kulipa. Vichwa vyake vya HO huchukua umeme kwa kiatu kilicho tumboni, kinachopita juu ya vidoti vya chuma katikati ya reli. Picha ya juu inavionyesha vidoti hivyo kila taruma. Ukishuka hadi usawa wa jicho vinapotea kati ya mataruma na kokoto. Bidhaa hizohizo huuzwa pia kwa jina la Trix kwa reli mbili za kawaida, na kwa mpiga picha naona Trix ina busara zaidi, isipokuwa tayari una sanduku la Märklin la urithi.

Reli yenyewe usiidharau. Ile ya kawaida inayokuja kwenye seti ina urefu wa milimita 2.54 kwenda juu. Kwa HO hiyo ni sentimita 22, kuliko reli nzito ya kweli yenye 17 hivi, na kamera iliyo chini inaionyesha kama ukuta. Nunua kipande kimoja cha reli fupi ya milimita 1.9 au 2.1. Bei yake ni ndogo ukilinganisha na kichwa, na picha zako zote zitapanda daraja. Ila vichwa vya zamani vyenye ukingo mrefu wa gurudumu vitagonga mataruma ya reli hiyo, kwa hiyo vitie kwenye reli ya zamani na uvipige kwa pembe ya juu kidogo.

Mpenzi wa reli ya mita

Msomaji wa Tabora, Kigoma au Voi anaweza kusema: mimi nataka treni ya kwetu. Viwanda vikubwa havikuiweka Class 59 kwenye orodha zao za kawaida, na kichwa cha namna hiyo kinabaki kazi ya vifaa vya kujiundia, shaba ya kufuliwa kwa mkono au printa ya 3D. Lakini umbo la Garratt, lenye injini mbili na boila iliyoning'inia katikati, linapatikana tayari. Heljan iliitoa Garratt ya LMS, kampuni ya reli ya Uingereza, kwa OO, nayo ni mtoto wa Beyer Peacock huyohuyo, iliyoundwa kati ya 1927 na 1930. Kwa picha za kujifunza jinsi ya kumulika injini mbili na boila moja, inafundisha vizuri.

Anayetaka upana wa mita kwa usahihi ana bahati ambayo wengi hawajaitambua. Reli ya G ya milimita 45 kwa 1:22.5 inawakilisha milimita 1,012. Ni reli ya mita kwa kila namna. LGB iliianzisha mwaka 1968 huko Nürnberg kwa ajili ya treni za milimani za Ulaya. Kwa HO kuna Bemo, kwenye reli ya milimita 12, yenye vichwa vya Rhätische Bahn ya Uswisi, ambayo ni ya upana wa mita kama Reli ya Kati yetu. Kile kichwa chao Ge 6/6 I, Krokodil ndogo ya mita, kimetengenezwa na Bemo na LGB pia, kwa hiyo unaweza kulinganisha skeli mbili kwa kichwa kimoja. Wa TAZARA, yenye milimita 1,067, watazame skeli ya S ya 1:64: bodi yake ikiwekwa juu ya reli ya HO inatoa 1,056, tofauti ambayo jicho haliioni. Wapenzi wa reli za Afrika Kusini na New Zealand wanaijua njia hiyo. Hata hivyo utakuwa unajenga kuliko kununua.

Na kama uko Nairobi au unapita, nenda ukaipige picha 5918 kwa simu yako kabla ya kununua chochote. Simama usawa wa mtaimbo, piga mbele, ubavu, na ile pembe kutoka tangi la mbele. Andika umesimama hatua ngapi. Ukirudi mezani, gawanya umbali huo kwa skeli yako. Utashangaa modeli ya kichwa kingine kabisa inavyopata uhai kwa kupigwa kutoka pembe za kichwa ulichokishika kwa mkono.

G, N na wengine

G nimeisifu, sasa mizigo yake. Vichwa vikubwa vya LGB vinapita euro 1,000, posta yake inaumiza, na kabati la vichwa kumi ni samani ya sebule. Baadhi ya vya bei nafuu vimerahisishwa kwa ajili ya watoto na bustani: vishikio vinene, mabomba ya plastiki yaliyoungana na boila. Kwa skeli kubwa hivyo kamera haikuachii siri. Lakini vinatoka nje. Jua la kweli, majani ya kweli yaliyo madogo kiasi, mchanga wa kweli, na simu tu mkononi. Kama una uwa na unataka vichwa vitatu maishani badala ya thelathini, G itakupa raha ambayo HO haitoi.

N ina sifa moja kubwa ambayo haihusu kichwa peke yake: treni nzima. Mabehewa kumi na mawili yenye urefu wa mita 20 ni mita moja na nusu tu kwenye N, na unaweza kupiga picha ya treni ikikata mandhari, jambo ambalo mwenye HO anahitaji karibu mita tatu kulifanya. Kwa picha za mbali N inashinda. Kwa uso wa kichwa, kila kosa la kiwandani na kila chembe ya vumbi inakuja mbele: unywele wa milimita 0.07 ni kamba ya milimita 11 katika dunia ya N. Angalia pia kwamba N ya Uingereza ni 1:148 na vichwa vingi vya Japani ni 1:150, vyote juu ya reli ya milimita 9. Vile vya Japani vya njia za 1,067 vinaonekana vimepanua miguu, kinyume cha OO.

Hata mwenye HO anaweza kununua N moja kwa sababu nyingine kabisa. Iweke nyuma kabisa ya picha, kwenye tuta, na kichwa cha HO mbele. Jicho linasoma umbali ambao haupo mezani.

Z ni kito cha kuonyesha wageni. Kwa kamera ni mateso. O ni nzuri mno, ila bei na uhaba wake vinaitoa kwenye mazungumzo ya mtu anayeanza. TT ya 1:120 ya treni za Uingereza, ambayo Hornby iliizindua mwaka 2022, ni ya kuitazama kwa mbali: vichwa vipya, reli yenye uwiano sahihi, lakini orodha bado fupi na mitumba michache.

Pesa iende wapi

Kwa kupiga picha kichwa kilichosimama, motor na sauti ni pesa iliyolala. Hapa ndipo modeli za kusimama tu, zile zilizokuwa zikiuzwa na majarida, zinaposhawishi kwa bei. Nina shaka nazo. Magurudumu mengi hayazunguki, mitaimbo ni ya plastiki bapa, na vishikio vimechorwa juu ya boila badala ya kusimama peke yake. Tofauti hiyo ya mwisho ndiyo inayoua picha: kishikio cha waya kinaangusha kivuli chembamba juu ya boila, na kivuli hicho ndicho kinacholiambia jicho kwamba hiki ni chuma. Hornby ina safu ya bei nafuu, RailRoad, yenye tatizo hilohilo kwenye vichwa vingi. Kichwa kipya cha mvuke cha OO chenye vishikio vya waya siku hizi kinapita pauni 150. Bora kimoja cha namna hiyo kuliko vitatu vya majarida.

Umeme unakuwa na maana ukitaka taa za mbele ziwake. Kwenye mfumo wa kawaida wa volti 12, taa inawaka umeme ukipita, na umeme ukipita kichwa kinaondoka. Kwenye DCC, mfumo wa kidijitali unaoipa reli umeme wakati wote, taa inawaka kichwa kikiwa kimesimama tuli. Kama unapenda picha za usiku, lipia DCC. Kama hupendi, usiilipie. Vidhibiti vya Uingereza, vile vyombo vinavyoipa reli umeme, vinakuja na plagi ya pini tatu bapa, ileile ya Tanzania, Kenya, Uganda na Oman, na volti zetu zinavifaa. Vya Japani ni vya volti 100, vya Marekani 120, navyo vitaungua ukivichomeka ukutani bila transfoma.

Taa ya kumulikia usiitafute dukani kabla hujalijaribu jua. Jua linatoa kivuli kimoja chenye makali, vivuli vyote vikielekea upande mmoja, jambo ambalo balbu iliyo nusu mita hailiwezi. Kwetu huku karibu na ikweta la mchana halifai: linamulika paa la kabini na kuacha magurudumu gizani. Piga kabla ya saa tatu asubuhi au baada ya saa kumi jioni, jua likiwa chini kiasi cha kuingia kati ya spoku. Upande wa pili simamisha manila nyeupe irudishe mwanga kidogo. Vumbi litoe kwa brashi laini ya kupaka vipodozi, mpya, isiyowahi kuguswa na mafuta.

Mng'ao wa plastiki ni adui mwingine. Unga wa chaki uliosagwa, wa kahawia na wa kijivu, ukipakwa kwa brashi kavu unaufifisha na kukipa kichwa uchovu wa safari, na mwingi wake unafutika. Vanishi ya kuzuia mng'ao haifutiki, na kwa mkusanyaji kichwa kilichopuliziwa kimeshuka thamani siku hiyohiyo. Kwa toleo lenye cheti na namba, mimi huacha kama lilivyo na kushusha mwanga.

Joto, unyevu na mitumba

Mkazi wa Dar, Mombasa, Unguja au Maskati anunue kwa macho mawili zaidi ya mkazi wa Leeds. Sponji ya ndani ya boksi ikikaa miaka kwenye joto na unyevu inalainika na kushika rangi. Vifunge vichwa kwa karatasi laini isiyo na asidi, na weka pakiti za silika. Silika hizohizo ziwekee lenzi zako, kwani kuvu ya lenzi inapenda pwani.

Kubwa zaidi ni ugonjwa wa zinki. Vichwa vingi vya kabla ya vita na baadhi ya vilivyofuata vilitupwa kwa aloi ya zinki yenye uchafu wa risasi ndani yake. Aloi hiyo inavimba, inapasuka na mwisho inamomonyoka mkononi, na unyevu na joto vinaiharakisha. Haina tiba. Hornby Dublo na Märklin za miaka ya 1930 zinavutia kwa picha, rangi yake ya zamani haina mfano, lakini usinunue ya kuja kukaa pwani kabla hujaona fremu yake kwa karibu.

Kwa mtumba wowote, muombe muuzaji picha nne: uso, ubavu ukiwa sawasawa na meza, tumbo, na lebo ya mwisho wa boksi. Uso unaonyesha bafa na vishikio vilivyovunjika. Kwenye ubavu tazama kama mstari wa fremu umenyooka au umepinda katikati kama ndizi. Ukipinda, zinki imeanza. Tumboni tafuta nyufa kuzunguka skrubu, raba za magurudumu zilizokauka na grisi iliyogeuka nta. Namba ya lebo ilingane na namba iliyoandikwa kwenye kabini, kwani boksi la kichwa kimoja na kichwa cha boksi jingine ni biashara ya kawaida sana. Muuzaji akituma picha tatu na kuiruka ya tumbo, iombe tena mara moja, halafu peleka pesa yako kwingine.